Mwalimu Mchungulia Magitaa

Mwalimu hakuweza kupita karibu na gitaa bila kulichungulia. Watu wengine wakiona gitaa wanaangalia nyuzi, au wanaligonga mgongoni wasikie, au wanalishika tu wapigwe picha. Yeye aliinama, akafumba jicho moja, akaingiza mwanga wa tochi ya simu kwenye lile tundu la katikati, na kusoma karatasi iliyobandikwa ndani. Karatasi hiyo aliiita lebo. Akishaiona rangi yake alinyooka taratibu, mkono kiunoni, akatoa taarifa kwa sauti ya daktari anayetoka wodini kuwaambia ndugu wa mgonjwa.

Nilimfahamu kupitia kazi yangu. Niko kwenye dirisha la vifurushi la kampuni moja ya mabasi pale stendi ya Nyegezi, na magitaa mengi yanayoingia Mwanza kutoka Dar na Arusha yanapita mikononi mwangu, yamefungwa kwa magodoro chakavu, mablanketi, na mara moja kwa gauni la harusi. Siku ya kwanza alisimama dirishani na shati lake la mikono mifupi lililopigwa pasi hadi likang'aa, akanyoosha kidole kuelekea pembeni nilikopanga mizigo.

"Binti yangu, hicho kilichofungwa kwa godoro ni gitaa?"

"Shikamoo. Ni gitaa, lakini lina mwenyewe."

"Marahaba. Sitaki kulichukua. Nataka kulichungulia."

Katika kazi yangu nimeombwa mengi. Nimeombwa nimwachie mtu kuku asiye na tiketi, nimeombwa niseme mzigo haujafika wakati umefika. Kuombwa ruhusa ya kuchungulia tundu la gitaa, hapana. Nikamwambia asubiri mwenyewe aje. Akasubiri, amekaa juu ya gunia la mchele la mtu, hadi alipotokea jamaa mmoja wa bendi aliyekuja kuchukua mzigo wake. Mwalimu akamwomba kwa adabu zote. Jamaa akaona hana cha kupoteza. Godoro likafunguliwa, tochi ikawashwa, jicho likafumbwa.

"Nyeusi," Mwalimu akasema. "Hongera. Usiliache juani, na usimwazime mtu anayekunywa."

Yule jamaa aliyekuwa amekuja na pikipiki aliondoka kwa miguu, amelikumbatia gitaa kama mtoto aliyetoka kliniki. Mimi nilicheka mchana kutwa. Tangu siku hiyo gitaa lolote likishuka kwenye basi nilimpigia simu Mwalimu kabla sijampigia mwenye nalo.

Alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na watoto wake walikuwa na miji yao mbali. Aliishi Mabatini, nyuma ya maduka, na alikuwa ndiye mwalimu wa kwaya ya kanisa letu. Mimi nilikuwa nakwenda kanisani kwa kuvizia, Pasaka na Krismasi. Kwa sababu yake nikaingia kwaya, sauti ya pili, na nikaanza hata kujifunza gitaa huku vidole vikiwa vimeshazoea mihuri na kamba za katani.

Somo la rangi alinipa palepale dirishani, kwenye saa za mchana ambazo mabasi ya asubuhi yameshaondoka na ya jioni hayajafika, huku ananywa soda yangu.

"Kuna kiwanda kimoja Japani," alisema, "hichohicho ambacho wavuvi wetu wanakijua kwa injini za boti. Zamani walipoanza kutengeneza magitaa walibandika lebo nyekundu. Walikuwa hawajui kama watu watayanunua, kwa hiyo waliyatengeneza kama mtu anayejipikia mwenyewe. Baadaye ikaja kijani. Kijani ni mfanyakazi, haugui, hasusi, mpe kwaya nzima ataibeba. Halafu ikaja ile ya rangi ya chai ya maziwa. Watu wanaipita, lakini mimi nimeikuta imetulia kuliko wengi. Halafu nyeusi, na nyingine na nyingine, mpaka hizi nyeupe za siku hizi."

"Na lisilo na lebo?"

"Hilo mtu amebandua. Muulize kwa nini, halafu sikiliza anavyokohoa."

Lebo nyekundu ya kweli alikuwa ameigusa mara moja tu maishani. Alikuwa mwalimu kijana, na gitaa lilikuwa la padri mgeni aliyelitoa barazani. Akaruhusiwa kulishika kwa muda ambao padri alikuwa akinywa chai. Alipapasa nyuzi mara moja, basi. Nilimuuliza kwa nini hakupiga hata wimbo mmoja. Akasema aliogopa kuizoea ile sauti kisha chai iishe. Alinisimulia hayo akitazama mbali, upande wa vyoo vya stendi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba huu mchezo wake wa lebo haukuwa mchezo.

La kuchekesha ni kwamba gitaa lake yeye lilikuwa na lebo nyeupe. Jipya, la bei ya kawaida, limenunuliwa duka la pale mjini ambalo lilikuwa linauza pia feni na pasi. Alilipenda na kulipangusa kila jioni. Mtu akimchokoza kuhusu hilo alijibu kwamba hata fundi viatu anavaa ndala.

Mfukoni alikuwa na kioo kidogo cha poda, kile cha kufunika na kufunua cha akina mama. Alikitumia kutazama upande wa ndani wa ubao wa juu wa gitaa, ambako jicho peke yake halifiki. Siku moja tukiwa msibani kikamdondoka mbele ya watu, kikafunguka, kikang'aa. Akina mama wa Mabatini walikijadili kile kioo kuliko walivyomjadili marehemu. Kufikia jioni Mwalimu alikuwa na mchumba Igoma, mwingine Kirumba, na wa Kirumba ana wivu. Nilipomwambia awaeleze ukweli alikataa. "Waache. Msiba ulikuwa mzito, wamepata pa kupumulia."

Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja usiovumilika, nao ni kusahihisha Kiswahili cha watu. Huku kwetu kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani chini ya ulimi, na *ra* na *la* zinabadilishana viti kila dakika. Mwalimu hakuziacha zikae zitakavyo. Alisahihisha makondakta, alisahihisha wauza vocha, na Jumapili moja mzee wa kanisa alipoomba kwa machozi "Bwana utulehemu," Mwalimu alisubiri amina kwa heshima, kisha akamfuata hadi mlangoni. "Mzee wangu, ni uturehemu. Mungu ameelewa, lakini kuna watoto wa shule mle ndani." Mzee yule hakuongea naye hadi mvua za vuli.

Wanakwaya, hasa wasichana wa sauti ya kwanza, walikuwa wakimsumbua awaambie wao ni lebo za rangi gani. Mimi ni kijani, Mwalimu? Huyu si mweupe huyu? Alikataa katakata. "Mtu hana tundu la kuchungulia," aliwajibu. "Na angekuwa nalo, ingekuwa ni kukosa adabu."

Sasa niseme kilichomkuta kanisani, maana bila hicho yaliyotokea baadaye Kamanga, ng'ambo ya ziwa, hayaeleweki.

Tulikuwa na hafla ya kuchangia vyombo vya kwaya, na mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara mmoja mkarimu sana, mwenye sauti kubwa na kitambi cha amani. Alikuja na gitaa lililofungwa utepe. Akalinyanyua mbele ya kanisa lote, akatangaza kwamba amelitafuta kwa tabu, kwamba amesikia kwaya hii ina mtaalamu wa lebo, na kwamba hii ndani ni nyekundu yenyewe. Watu wakapiga vigelegele. Akamkabidhi Mwalimu, akamwomba athibitishe kwenye kipaza sauti.

Mwenyekiti wa kwaya, aliyekuwa amesimama karibu yangu, alishajua hatari iko wapi. Nikamsikia ananong'ona, "Mwalimu, nakuomba. Mwalimu, kwa jina la Yesu."

Mwalimu akachungulia. Akachungulia muda mrefu, jicho hili, halafu jicho lile. Akakitoa na kioo cha poda, na akina mama wakagusana viwiko. Akanyooka.

"Lebo ni nyekundu," akasema, na makofi yakalipuka. Akanyanyua mkono yatulie. "Lakini imechapishwa juzi. Gundi bado inanata. Hata hivyo gitaa lenyewe ni zuri kwa mtu anayeanza, na tunashukuru sana."

Sijawahi kusikia kanisa limenyamaza namna ile, hata Ijumaa Kuu. Mgeni rasmi aliondoka kabla ya pilau. Kwa kweli yule bwana naye alikuwa ameuziwa tu na wajanja, hakuwa na nia mbaya, na kuaibishwa bila kosa ndiko kulikomuuma. Wazee wa kanisa wakakaa, wakaamua Mwalimu apumzike kuongoza kwaya hadi watakapomwambia. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma kabisa, mikono juu ya magoti, akiimba besi peke yake kwa utii. Mbele, kwaya yetu iliimba kama daladala linalopanda mlima na gia isiyo yake.

Nilimkasirikia. Nikamuuliza dirishani kulikuwa na ugumu gani kusema asante na kukaa chini.

"Angeniuliza kuhusu suti yake, ningesema imempendeza," akanijibu. "Angeniuliza kuhusu hotuba, ningesema imetugusa. Mimi si mkorofi, binti yangu. Lakini kwenye lebo nikidanganya mara moja tu, kesho nikiinama kuchungulia nitakuwa natafuta nini?"

Nilimnunulia soda nyingine.

Ilikuwa katika kipindi hichohicho cha adhabu ndipo alipofika dirishani mama mmoja na kiroba cha dagaa wakavu wa kupeleka kwa binti yake Dodoma. Alikuwa mama wa makamo aliyekwishaanza kuzeeka vizuri, mnene kiasi, kitenge cha njano, na macho ya mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Kwa matamshi nilijua ni mtu wa upande wa Mara, wa mwambao. Mwalimu wakati huo alikuwa amepiga magoti pembeni, kichwa karibu chote ndani ya gitaa la mtu.

"Yule baba anatafuta nini mle?" mama akaniuliza. "Panya?"

Mdomo wangu haujawahi kujua kupumzika. Wakati namwandikia risiti nikamsimulia yote, nyekundu ni nini na kijani ni nini, gitaa la padri, mgeni rasmi, gundi inayonata, benchi la nyuma. Mama alisikiliza akiegemea kiroba chake, anamtazama Mwalimu mgongoni. Nilipomaliza akasema kwa sauti iliyotosha kufika pembeni kule:

"Hata mimi ninalo. La marehemu mume wangu. Lina rebo nyekundu."

Mwalimu aliinuka kwa haraka hadi akagonga kichwa kwenye meza ya mizani. Akasimama anajipapasa. Mimi nikasubiri. Nikasema sasa hivi atamwambia, mama, ni lebo, siyo rebo. Alimwambia mzee wa kanisa, atashindwaje kumwambia mama wa dagaa.

"Nyekundu ya namna gani, mama?" akauliza kwa upole.

"Nyekundu tu. Kama nyanya."

"Na liko wapi?"

"Liko kwangu Kamanga. Kitandani."

"Kitandani?"

"Sasa niliraze wapi, Mwalimu? Sakafuni kuna baridi."

Akasema niliraze, na Mwalimu akaitikia kwa kichwa kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa kwenye kamusi. Hapo nikaacha kuandika risiti, nikamtazama vizuri.

Kwenda Kamanga ni kuvuka na kivuko, na Mwalimu alikuwa anaogopa maji. Miaka yote aliyoishi Mwanza, ziwa lipo mbele ya macho yake asubuhi na jioni, hakuwahi kupanda hata mtumbwi. Sasa daraja lipo kule Busisi, angeweza kuzunguka na basi bila kulowesha kisigino. Lakini mama alikuwa amesema, njoo na kivuko cha asubuhi, nitakuwa pale ng'ambo napokea mzigo. Mwalimu akaona kuja na basi kutamfanya aonekane mtu asiyesikiliza maelekezo. Akaniomba nimsindikize. Nikaomba ruhusa kazini kwa sababu ambayo sitaitaja hapa.

Kivukoni alimsihi dereva wa lori la saruji amruhusu akae naye mbele, akapandisha vioo vyote, akafumba macho, akaimba besi ya wimbo wa Krismasi hadi tukafika. Ilikuwa mwezi wa sita. Dereva aliniambia tuliposhuka kwamba amebeba abiria wengi, lakini huyu amemfariji.

Mama wa Kamanga alitupokea kwa ugali na sato mzima aliyeungwa na nazi, akatuuliza habari za kila mtu tunayemjua, akatuonyesha bata wake, akatuonyesha shimo la choo jipya. Gitaa hakutuonyesha. Mwalimu alipolitaja, kwa kuzungukazunguka, akajibiwa kwamba gitaa halionyeshwi mgeni siku ya kwanza. Nikategemea atanuna. Njiani kurudi alizungumzia bata.

Alirudi tena peke yake na kilo za sukari, akaambiwa gitaa bado halijapanguswa. Alirudi tena, akamkuta mama amekwenda mnadani Sengerema, akamsubiri chini ya ukuta wa jirani akichunga mbuzi asiowajua. Habari hizi zote alikuwa akiniletea dirishani kwa uso wa mtu anayefanya utafiti. Lakini nilikuwa na macho. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amenunua viatu. Na kila akienda Kamanga alirudi na dagaa wa huyo mama, maana hakujua njia nyingine ya kuaga, mpaka chumba chake kikajaa dagaa, na paka wa Mabatini yote wakahamia mlangoni pake. Akina mama wa mtaa wakaacha kabisa habari ya Igoma na Kirumba. Walishajua harufu ya kweli inatoka wapi.

Hatimaye akaniambia mama amekubali, Jumamosi hii gitaa linatoka, na anaomba nije niwe shahidi. Nikakumbuka lile la padri na ile chai, nikaingiwa na hofu kwa ajili yake. Mtu akisubiri kitu maisha yake yote, kisha akakuta sicho, anabaki na nini?

Tulikalishwa uani, mchana kweupe, jua la Kamanga limesimama juu ya bati. Mama akatoka ndani amelibeba gitaa kwa mikono miwili, limefunikwa kwa khanga safi. Akalilaza mapajani kwa Mwalimu, akafunua, akarudi nyuma hatua kidogo na kujifuta mikono ambayo haikuwa na maji.

Mwalimu akatoa simu, akawasha tochi, akafumba jicho. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake na niliona kila kitu alichokiona. Karatasi ilikuwa nzima, haina hata kona iliyobanduka. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Wala siyo chai iliyokolea.

Bata wakapita. Mwalimu hakunyooka. Nikahesabu kope zake zikipepesa ndani ya mwanga wa tochi, na nikajiandaa kwa tamko kama lile lililolinyamazisha kanisa hadi mgeni akakosa pilau.

Akanyooka. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mama.

"Nyekundu," akasema.

"Kweli?" mama akauliza.

"Nyekundu kabisa. Kama nyanya." Akazima tochi. "Ni rebo nzuri sana."

Alisema rebo. Mwalimu yule. Nililazimika kwenda kuangalia bata.

Kurudi hakukumbuka kutafuta lori. Alisimama kwenye ukingo wa kivuko, maji yanapita chini yake, akala kipande cha samaki wa kukaanga kilichonunuliwa kwa mchuuzi, na mafuta yakamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Nilijizuia hadi tukafika katikati ya ziwa, nikashindwa.

"Mwalimu, ile ilikuwa chai ya maziwa."

"Nimeiona."

"Umesema nyekundu."

"Nimejisikia nikisema." Akatupa mfupa majini. Alikuwa anacheka na papo hapo alikuwa amekunja uso, sijawahi kuona uso mmoja ukifanya kazi mbili namna ile. "Nilifungua mdomo niseme kweli, nikamwona amesimama pale anajifuta mikono. Ikatoka nyekundu. Binti yangu, mimi nimekwisha."

Juma lile hakuchungulia gitaa hata moja. Nilimpigia simu mara kadhaa, magitaa yanashuka, anasema hajisikii. Nikajua anaumwa na kitu gani. Ijumaa akaja dirishani amevaa koti, akasema hawezi kumposa mwanamke kwa uongo, tena uongo wa lebo, kwa hiyo kesho anakwenda kumweleza ukweli, na akifukuzwa atarudi na basi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza neno kuposa lilitajwa, na alilitaja kana kwamba tulikuwa tumelizungumza mwaka mzima.

Nilikwenda naye. Ningekosaje?

Mama alikuwa anaanika dagaa uani. Mwalimu hakusubiri hata kukaribishwa kiti.

"Mama, nimekuja kusema jambo. Lebo yako siyo nyekundu. Nilikudanganya. Ni rangi ya chai ya maziwa. Gitaa ni zuri, zuri sana, lakini siyo nyekundu, na mimi nilijua."

Mama akaendelea kutandaza dagaa kwa kiganja, taratibu, wasipandane.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mwalimu, nimeraza gitaa hilo kitandani kwangu miaka yote hiyo. Macho yangu mazima."

Mwalimu akatafuta kiti mwenyewe. "Sasa kwa nini ulisema nyekundu?"

"Ulivyokuwa umepiga magoti pale stendi, unaangalia gitaa la mtu usiyemjua namna ile, nikasema moyoni, mtu wa kuangalia hivi akipita mbele yangu nimwache aende?" Akajipangusa magamba. "Na binti huyu alinieleza habari zako zote. Kwamba kwenye rebo wewe hudanganyi hata mbele ya kanisa. Nikasema, aje. Akiniambia ukweli, nitajua amefuata gitaa, nimpe tu aondoke naro." Akamtazama kwa yale macho yake. "Ukasema nyekundu. Usiku ule sikulala kwa kucheka."

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Mwalimu aanze kufundisha kukosa cha kusahihisha. Kisha akaanza kucheka, mama naye, nami wa tatu nisiyehusika, hadi jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Walifunga ndoa kabla ya mwaka kuisha. Wazee wa kanisa letu walikuwa wameshamwomba arudi kwenye kwaya, baada ya sikukuu moja ya mavuno ambayo sitaki kuikumbuka, lakini tayari alikuwa anahamisha vitu vyake ng'ambo. Aliondoka na gitaa lake la lebo nyeupe, masufuria mawili, na paka aliyekataa kubaki.

Mwaka huu nilipata mzigo wa kupeleka Sengerema, nikapitia kwao siku ya Jumamosi bila taarifa. Nyumbani hapakuwa na mtu. Jirani akanielekeza kanisani, mwendo mfupi tu, jengo dogo la tofali lisilopigwa plasta, na kabla sijafika nikasikia kwaya inafanya mazoezi.

Mwalimu ndiye alikuwa anaongoza, ameketi na gitaa mkononi. Nywele zimekuwa nyeupe zote, shati limepigwa pasi vilevile, na amenawiri kwa namna ya mtu anayelishwa na kugombezwa kwa wakati. Akaninyooshea kidole nikae. Kwaya ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Walikuwa wakiimba kwa pamoja na kwa usafi, isipokuwa sauti moja katika mstari wa mbele, sauti kubwa, yenye furaha, iliyokuwa chini ya wengine wote kwa kipande kisichofichika. Nikatazama. Ni mama. Amesimama katikati na kitenge chake cha njano, amefumba macho, anaimba kwa moyo wote njia ambayo hakuna mwingine aliyekuwamo.

Mwalimu akanyanyua mkono. Wakanyamaza. Waimbaji wawili watatu walimtazama mama kwa huruma, kisha wakatazama chini, wakisubiri.

Mwalimu akaliweka gitaa vizuri pajani. Akamwomba mama aimbe mstari ule peke yake, na mama akauimba bila wasiwasi wowote. Mwalimu akainamisha kichwa, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kulegeza nyuzi. Akalegeza ule mnene, akalegeza unaofuata, mmoja baada ya mwingine, anagonga, anasikiliza, anamtazama mama, analegeza tena kidogo, hadi gitaa zima likashuka na kukaa pale alipokuwa mke wake.

"Nyie wengine mlikuwa juu," akaiambia kwaya. "Mfuateni mama."

Tukashuka wote.